Mimi namtaja Odin

Swali la wiki lilikuwa hili: kati ya wazazi tunaowaona kwenye filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ni nani aliyemharibu mwanawe kuliko wote? Najua wengi watamtaja Thanos, na siwalaumu. Mtu anayemng'oa Nebula kiungo na kumwekea chuma kila anaposhindwa na dada yake, kisha akamtupa huyo dada kutoka juu ya jabali ili apate jiwe la nguvu, hahitaji kuchunguzwa sana. Ego wa Guardians of the Galaxy Vol. 2 (2017) naye alimpandikizia mama wa mtoto wake uvimbe kichwani. Hao ni wauaji, na watoto wao walipofumbuka macho walijua wamo mikononi mwa nani.

Mimi namtaja Odin, mfalme wa Asgard na baba yake Thor na Loki, yule mzee wa jicho moja ambaye kila akifungua mdomo tunatakiwa tusikie hekima.

Tuanze na Loki. Kwenye Thor ya 2011, Odin anawaambia wavulana wake wawili kwamba ni mmoja tu atakayekalia kiti cha enzi, ila wote wamezaliwa wawe wafalme. Maneno matamu. Hawaambii kwamba mdogo alimwokota Jotunheim baada ya vita, na kwamba baba yake wa damu ni Laufey, mfalme wa majitu ya barafu ya huko. Thor, bado mtoto, anaapa kwamba akitawala atayaua majitu hayo yote, na Loki amesimama palepale anasikiliza. Anakuja kuujua ukweli ukubwani, vitani, jitu linapomshika mkono na badala ya ngozi kuungua inageuka bluu. Anamwendea baba kwenye chumba cha hazina na kumuuliza: ulinichukulia nini? Odin anakiri kwamba alitarajia siku moja kijana huyo aziunganishe falme mbili. Loki anaelewa mara moja kuwa alihifadhiwa kama nyara nyingine zilizomo humo chumbani. Na mzee, jibu likiwa bado halijakamilika, anaanguka usingizini! Najua, ni usingizi wa kichawi, wa kifalme. Lakini akina baba wanaopatwa na usingizi wakiulizwa swali zito hawako Asgard tu.

Miaka miwili baadaye, kwenye Thor: The Dark World, Loki analetwa mbele yake amefungwa minyororo, na Odin anamwambia kwamba haki yake ya kuzaliwa ilikuwa kufa. Anayemtembelea gerezani ni mama, Frigga.

Kisha anakuja Hela, na hapo kesi yangu inakamilika. Kwenye Thor: Ragnarok (2017), Odin ameketi kwenye jabali linalotazama bahari huko Norway, amebakiza dakika chache za kuishi, ndipo anawatajia wanawe kwamba wana dada mkubwa. Alimfungia, na kilichomzuia asitoke ni uhai wa baba yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe ndicho kilichofungua mlango wa gereza. Wengi tumewahi kukaa kwenye matanga ambako anatokea mtu mzima asiyejulikana, sura ni ileile ya marehemu, anasema yeye ndiye mzaliwa wa kwanza. Watu wanamkasirikia yeye, marehemu anaendelea kuombewa.

Hela anaingia kwenye ukumbi wa enzi na kutazama michoro ya darini: Odin mwema, familia, amani. Anaibomoa, na chini yake kuna michoro ya zamani inayomwonyesha Odin akiteka falme, binti yake yuko pembeni yake. Alimlea awe mnyongaji wake. Tamaa ya binti ilipozidi ya baba, akamfungia na picha yake ikapakwa rangi. Sasa rudini 2011 mkamtazame mzee huyuhuyu akimvua Thor nguvu na kumfukuza nyumbani kwa kosa la kupeleka vita Jotunheim.

Black Panther (2018) ilionyesha namna nyingine ya kukabili kosa la baba. T'Challa, mfalme mpya wa Wakanda, anagundua kwamba baba yake, T'Chaka, alimuua ndugu yake mwenyewe huko Oakland mwaka 1992 na kumwacha mtoto wa marehemu peke yake. Anakwenda kwa wahenga na kumwambia baba usoni kwamba alikosea, yeye na wote waliomtangulia. (Kwa wasiojua: T'Chaka mzee ni John Kani, na T'Chaka kijana ni Atandwa Kani, mwanawe wa kumzaa.)

Thor naye alipata nafasi kama hiyo. Anapokutana tena na Hela, dada anasema kwamba dawa ya baba yao kwa kila tatizo ilikuwa kulifunika, na Thor anaongeza: au kulitupa nje. Dakika chache baadaye, akiwa ameshatobolewa jicho, anamwona Odin katika njozi. Anamwambia kwamba yeye hana nguvu kama zake. Mzee anamjibu kuwa anazo kumzidi, anamkumbusha kwamba Asgard ni watu, si mahali, na kijana anarudi vitani akiwaka radi. Kuhusu dada yake, hakumuuliza neno.