Kubadilisha mfumo wa kuzima moto katika chumba cha injini: mtungi mpya ni sehemu ndogo ya kazi

Ukinunua boti ya zamani iliyoundwa nje, kabla hujapiga rangi wala kubadilisha viti, ingia chumba cha injini usome lebo ya mtungi wa kuzimia moto. Ikiwa imeandikwa Halon 1301, kama ilivyokuwa kwenye boti yetu ya mizigo inayokwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, ujue kwamba unamiliki gesi ambayo haitengenezwi tena kwa matumizi ya kuzimia moto. Kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal ya 1987, pamoja na marekebisho yake, ilisimamisha uzalishaji wake katika nchi zilizoendelea kuanzia mwaka 1994, na katika nchi zinazoendelea kuanzia 2010. Mtungi ule unaweza kuwa bado na presha nzuri, lakini siku ukifyatuka au ukivuja hutapata kwa urahisi pa kuujaza.

Muuzaji mmoja wa mjini alituambia tusisumbuke, angeujaza mtungi uleule hewa ya ukaa kwa bei poa. Ushauri huo ni wa hatari. Hewa ya ukaa hukaa mtungini kwa presha kubwa zaidi ya ile ya haloni, na valvu, bomba na nozeli za haloni hazikuundwa kwa ajili yake. Isitoshe, ili izime moto wa dizeli inabidi ijae zaidi ya theluthi moja ya hewa ya chumba, wakati asilimia 10 tu inatosha kumzimisha mtu akapoteza fahamu. Kwenye meli kubwa yenye king'ora cha tahadhari na wahandisi waliofunzwa inafaa. Kwenye boti ambayo fundi huchungulia injini kila saa, mimi siiafiki. Tulichagua HFC-227ea, inayofahamika zaidi kwa jina la FM-200, ambayo huhitaji takribani asilimia 9 ya ujazo wa chumba. Nayo si ya kuvutwa makusudi, maana ikikutana na moto hutoa mvuke mkali wenye asidi. Vilevile huhitaji mtungi mkubwa kuliko wa haloni, kwa hiyo usitegemee kwamba mabano ya zamani yatatosha. Pima urefu, upana na kimo cha chumba kizima, wala usitoe ujazo wa injini.

Kazi kubwa iko kwenye injini yenyewe. Injini ya lita 6 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, hufyonza kama lita 5,400 za hewa kila dakika, na yenye tabo hufyonza zaidi. Chumba cha mita 4 kwa 3 kwa 2 kina lita 24,000. Maana yake ni kwamba injini ikiendelea kunguruma baada ya mtungi kufyatuka, itaimeza gesi uliyoilipia na kuitoa kwa ekzosi ndani ya dakika chache, huku moto ukipata hewa mpya. Kwa hiyo mfumo lazima uzime injini, jenereta na feni kwa pamoja, papo hapo. Fundi akikwambia ataunganisha waya kwenye swichi ya ufunguo, mwombe azime ufunguo injini ikiwa inazunguka. Injini nyingi za zamani zenye pampu ya dizeli ya kimakanika hazitazimika, kwa sababu huzimwa kwa kebo ya kuvuta. Hizo zinahitaji solenoidi, yaani kifaa cha umeme cha kukata mafuta.

Hata hivyo, nahodha awe na swichi ya kuupita mfumo, karibu na usukani. Mtungi ukifyatuka bila moto wakati boti iko kwenye mawimbi karibu na mawe, anahitaji kuwasha injini tena mara moja.

Kabla ya kufunga chochote, ziba matundu. Njia yetu ilikuwa rahisi: usiku, mtu mmoja anaingia chumba cha injini na tochi kali, mlango unafungwa, na wengine wanazunguka nje wakiweka alama ya chaki kila mwanga unapopenya. Mwanga mwingi ulitokea pale nyaya na mabomba yanapopita ukutani. Tulitumia lakiri inayostahimili moto. Povu la kawaida la madirisha linaungua.

Mtungi wa zamani usiufungulie hewani. Wasiliana na ofisi ya mazingira kuhusu pa kuukabidhi, na mjulishe mkaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu mfumo mpya kabla ya ukaguzi wa chombo. Ule mpya tunaupima kwenye mizani kila baada ya miezi sita, kwa kuwa geji peke yake haitoshi: presha inayoonekana hutokana zaidi na naitrojeni iliyoongezwa humo. Uzito wa gesi ukipungua kwa asilimia 5, yaani kilo 1 katika kila kilo 20, mtungi unashushwa na kupelekwa kujazwa.