Acha kulaumu duara, dhahabu yako umeiacha kwenye marudio

Mwaka niliotoka kubeba mawe ya watu nikaanza kusaga ya kwangu, pale Lwamgasa, Geita, nilikuwa na ujinga mmoja ambao wachimbaji wengi tunao: mzigo ukitoka mdogo lawama zote zinaenda duarani, yaani kwenye shimo tunalochimba. Mara mwamba umekata, mara mwamba umelala, mara kuna mtu kaingia chini na mambo yake (na huku kwetu mtu ataambiwa atafute kuku mweusi siku nyingi kabla hajaambiwa apime marudio, yaani ule mchanga unaobaki ukishaosha dhahabu). Kumbe mawe yalikuwa mazuri tu. Mimi ndo nilikuwa namwaga.

Nilivyojua ni hivi. Nilisaga viroba 40 vya kilo hamsini hamsini, yaani tani 2, nikatoka na gramu 7. Ukitoa cha mwenye leseni, ukitoa kusaga, maji, dizeli na posho za vijana, nikabaki na hela ya kula wiki moja na madeni yangu yako palepale. Kuna mzee mmoja alikuwa anaosha jirani na mimi, mtu wa maneno machache sana, akaniuliza, "Kijana, hicho unachokitupa umeshawahi kukiangalia?" Nikamwambia mzee wangu, naangaliaje mchanga? Akacheka akaendelea na karai lake.

Basi mzigo uliofuata, mawe yaleyale ya duara lilelile, nikakaa na kikombe kwenye mkia wa mwalo (ule mteremko uliotandikwa vitambaa tunaooshea unga wa mawe) siku nzima. Kila baada ya kama dakika 15 nakinga, na siyo kuchota katikati tu, unapitisha kikombe upande hadi upande wa mkondo kwa sababu mchanga mzito na mwepesi haupiti sehemu moja. Jioni nikamwaga yote kwenye turubai, nikaacha ikauke, nikachanganya vizuri na koleo, nikatengeneza kichuguu nikakigawa mafungu manne, mawili yanayotazamana nikabaki nayo, mawili nikatupa, nikarudia hivohivo mpaka ikabaki kama kilo mbili. Nikapeleka maabara Mwanza. Majibu: gramu 6 kwa tani.

Piga hesabu na wewe. Tani 2 mara 6 ni gramu 12. Nimeondoka na 7 nimeacha 12, na kwa makubaliano ya pale marudio yanabaki kwa mwenye mwalo. Nikaelewa kwa nini yule bwana alikuwa mkarimu vile, "leta mawe kaka, kusaga nitakupunguzia". Angeweza hata kunisagia bure na bado angenishinda, maana yale marudio anayarundika, baadaye yanaingia kwenye vati za sianidi (matangi ya kemikali inayoyeyusha dhahabu) na yeye ndo anakula ile 12.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza kabla hujanunua mashine yoyote, kabla hujakopa hela ya karasha (mashine ya kusagia mawe), pima unachotupa. Kama hela ya maabara hamna, kuna njia ya kienyeji ambayo mpaka leo naitumia kila wiki. Chukua marudio yako kama kilo mbili, osha kwa karai taratibu. Ukiona mkia wa dhahabu umetokea pale ukingoni, dhahabu ilikuwa huru ila mwalo wako umeshindwa kuishika. Usipoona kitu, chukua marudio mengine kiasi hichohicho, twanga kwenye kinu cha chuma mpaka yawe laini kama unga wa sembe, osha tena. Dhahabu ikitokea sasa hivi, ina maana ilikuwa imefungwa ndani ya punje za jiwe, tatizo lako ni kusaga. Na kama haitokei kwa njia zote mbili lakini maabara wanasema ipo, hayo ni mawe ya aina nyingine kabisa, nitayagusa huko chini. Watu wanabadilisha mwalo wakati tatizo ni karasha, wanabadilisha karasha wakati tatizo ni mwalo, hela inaisha.

Mimi nilikuwa na yote mawili.

Tuanze na kusaga. Neti yetu ilikuwa ya tundu la milimita moja na kitu, na pembeni ilikuwa imetoboka mtu kaziba na kitambaa. Dhahabu ya rifu letu (ule mkanda wa mwamba wenye dhahabu) ni ndogo ndogo, kuna punje mpaka uichungulie juani ndo uione. Sasa kitu kidogo vile kikiwa kimekaa ndani ya chembe ya jiwe ya milimita moja, ile chembe ikipita juu ya blanketi maji yanaona jiwe, hayaoni dhahabu. Jiwe jeupe lina uzito kama mara 2.6 ya maji, dhahabu mara 19, na hiyo tofauti ndo mtaji wako wote, lakini inafanya kazi dhahabu ikiwa imeachana na jiwe. Nikanunua neti ya nusu milimita, nikamwomba mwenye karasha aongeze gololi maana zilizokuwemo zilishaisha zimebaki kama karanga, zinabembeleza mawe badala ya kuyavunja. Hapo tu mkia wa karai ulibadilika.

Ila msikimbilie kusaga masaa sita mfululizo mkidhani laini zaidi ndo bora zaidi. Dhahabu ni laini, jiwe linavunjika ila yenyewe inapondwa, inageuka kijiganda chembamba kama ganda la kitunguu, ikifika kwenye maji inaelea inaondoka zake huku unaiangalia. Ninachofanya ni kusaga kiasi, naosha, natoa ile iliyoachia mapema, alafu yale yaliyobaki yanarudi karashani kusagwa tena. Ndiyo, ni gharama zaidi na wenye makarasha wanakuchukia, lakini ile gramu ya mwanzo inakuwa iko mfukoni tayari.

Alafu kuna hili la unga mkavu. Karasha zetu nyingi zinasaga kavu (na lile vumbi jamani, fungeni vitambaa vilivyolowa, au bora zaidi barakoa za maana, nimeona vijana wa miaka 30 wanakohoa kama wazee na siyo TB, ni vumbi la mawe limekaa kifuani na halitoki). Ukitoa unga mkavu ukaumwaga moja kwa moja kwenye mwalo, chembe ndogo zinabeba hewa, zinaelea juu kama pilipili manga kwenye supu. Loweka. Mimi naloweka usiku kucha kwenye mapipa, nakoroga, asubuhi ndo tunaanza. Na grisi! Karasha inavuja oili, oili inaingia kwenye unga, dhahabu ikishapakwa mafuta haizami kirahisi na hata zebaki haiishiki. Nilikuja kugundua siku naona rangi za upinde wa mvua juu ya maji ya bwawa. Sabuni ya unga kijiko kwenye pipa inasaidia, lakini dawa yake ni kuziba pale inapovuja.

Sasa mwalo. Wangu ulikuwa umesimama kama paa la nyumba, kila mita moja unashuka sentimita 25, kwa sababu tulitaka kazi iende haraka, vijana wanalipwa kwa kiroba. Tukalaza. Nilianza na sentimita 10 kwa mita, mchanga ukawa unakaa unaziba, nikapandisha kidogo kidogo mpaka 12 hivi, ukawa unatembea bila kukimbia. Hiyo namba ni ya kwangu, mawe yako na maji yako yanaweza kutaka nyingine, jaribu. Nikaongeza na mwalo wa pili pembeni ili mzigo ugawanyike, maji yapite taratibu. Na kumwaga: siyo unamwaga ndoo nzima paa! alafu unakaa unavuta sigara. Kikopo, kikopo, mwendo mmoja. Kijana mmoja kwangu kazi yake ni hiyo tu na nikimkuta anachezea simu tunagombana.

Vitambaa. Tulikuwa na magunia ya katani yamechakaa yamekuwa kama ubao. Hela ya kununua zulia sikuwa nayo, nikaenda nyumbani nikachukua blanketi la mama watoto, lile zito lenye manyoya, nikalikata vipande vitatu. Maneno niliyosikia siyaandiki hapa. Lakini lile blanketi lilinifundisha kitu: kila kipande nilikuwa nakiosha kwenye beseni lake, cha juu peke yake, cha katikati peke yake, cha mwisho peke yake. Dhahabu nyingi inatakiwa ikae juu kabisa, pale mwanzo. Ukikuta kipande cha mwisho kina dhahabu inayokaribiana na ya katikati, jua kuna nyingine imeshapita imeenda, na huna haja ya maabara kukuambia. Na ukose vyote lakini usikose kuosha vitambaa mapema. Tulikuwa tunaosha mara moja jioni, manyoya yanakuwa yamejaa mchanga toka saa nne asubuhi, mchana wote dhahabu inateleza juu. Sasa hivi kila nusu saa, mzigo ukiwa na mchanga mweusi mwingi hata kabla.

Zebaki nitasema kwa kifupi ingawa ndo wengi mnaiabudu. Zebaki haitoi dhahabu kwenye jiwe. Inashika ile ambayo imeshaachia na ni safi, basi. Kuiweka kwenye mzigo wote, au mbaya zaidi kuimwaga ndani ya karasha isagwe na mawe, unaivunja inakuwa vumbi la matone madogo yasiyoungana tena, yanaondoka na maji, yanaondoka na dhahabu yako ndani yake. Unalipia kitu kinachokuibia. Kama unatumia, tumia kwenye ule mchanga mzito tu uliotoka kwenye vitambaa, baada ya kuupunguza kwa karai mpaka ubaki kidogo, vaa glavu, na kuchoma ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ni kwenye ritoti (chombo kilichofungwa kinachokusanya mvuke wa zebaki), nje, mbali na nyumba. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, mvuke wake huuoni na huunusi, na kwenye ritoti unairudisha sehemu kubwa unaitumia tena. Kuna mtu namfahamu alikuwa anachomea jikoni kwenye kikaango, leo hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Tanzania ilishasaini Mkataba wa Minamata na mwaka 2020 ikauridhia, na vitu vinne ambavyo mkataba unataka vikome ni hivihivi tunavyofanya kila siku: kuchanganya zebaki kwenye mzigo mzima, kuchoma wazi, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka marudio yenye zebaki kwenye sianidi bila kuitoa kwanza.

Mi mwenyewe siku hizi mzigo ukitoka safi natumia boraksi, unga mweupe wa kuyeyushia dhahabu, badala ya zebaki. Wachimbaji wadogo wa Benguet kule Ufilipino wanaitumia miaka mingi. Unapunguza mchanga mzito kwa karai mpaka kinachobaki karibu chote ni dhahabu, unachanganya na boraksi, unayeyusha, uchafu unakuwa kama kioo juu, dhahabu inakaa chini. Inataka moto mkali na uvumilivu wa karai. Ukiwa mvivu wa karai boraksi itakuaibisha.

Yale mawe ya aina nyingine niliyosema: ukishuka duara mpaka unapita kwenye maji, mawe yanabadilika. Yale mekundu yaliyooza ya juu yanaachia dhahabu vizuri, ya chini yanakuwa ya kijivu au bluu yenye kung'aa kung'aa, dhahabu imefichwa ndani ya hayo madini mengine na mwalo hauna habari nayo. Hapo ndo watu wanasema duara limekufa. Usiyakaange kwenye moto kama wengine wanavyofanya, ukisikia harufu ya kitunguu saumu hiyo ni aseniki, kimbia. Hayo ni ya plant ya sianidi yenye leseni na wataalam wake, na kabla hujakubali bei yoyote uwe umeshapima mwenyewe. STAMICO, shirika la madini la taifa, wana vituo vya mfano hapa Lwamgasa, Katente kule Bukombe na Itumbi kule Chunya, nenda kaulize maswali, kuuliza hawakukati hela.

Na kuhusu marudio, ongea kabla mawe hayajashuka kwenye gari. Mi sasa hivi nikifika kwa mwenye mwalo nasema kabisa, kaka, kusaga nakulipa kamili sitaki punguzo, lakini marudio tunagawana. Wawili walinifukuza. Wa tatu akakubali, nikamwonyesha karatasi ya maabara ili asije akasema nimemwibia.

Mzigo wangu wa mwisho kupima, marudio yalisoma gramu 2 na nusu kwa tani. Bado ni nyingi, najua. Lile blanketi nalo lilipochakaa sikulitupa, nililichoma kwenye sufuria ya chuma, majivu nikayaosha kwa karai, zikatoka pointi tatu, yaani sehemu tatu za kumi za gramu. Nikauza, nikamnunulia mama watoto blanketi jipya, na hili ameliandika jina lake kwa marker.