Maswali ya Wasomaji: Kukimbia na Kusoma Kila Siku Shuleni

SWALI: Shule yetu ya msingi ina mchakamchaka kila asubuhi. Sasa tunataka kuongeza dakika 20 za kusoma, lakini darasa la tatu lina wanafunzi 84 na vitabu vya hadithi 40 tu. Tuanzie wapi? *Mwalimu wa taaluma, Chamwino*

JIBU: Wekeni usomaji mara tu baada ya mchakamchaka, kabla ya kipindi cha kwanza, saa ileile kila siku. Mchana haufai: mabati yameshika joto na watoto wanasinzia. Kimbieni dakika 10 hadi 15, tena kwa mwendo ambao mtoto anaweza kuitikia wimbo. Akishindwa kuitikia, mwendo ni mkali mno kwake. Kisha wapeni dakika 5 za kunywa maji na kunawa mikono, maana vumbi la mikononi huchakaza vitabu upesi.

Vitabu 40 vinatosha wanafunzi 80 wakisoma wawiliwawili. Wanne wanaobaki wakae karibu na meza ya mwalimu wamsomee kwa sauti kutoka kitabu cha kiada. Kwa wanne kila siku, darasa zima litakuwa limesikilizwa ndani ya siku 21 za masomo, na mwalimu atajua hasa nani anasoma na nani anakariri. Msiweke watoto watatu kwa kitabu kimoja. Wa pembeni huona maandishi kwa upande, naye huchoka haraka akaacha.

Mpango wa namna hii hukwama zaidi kwenye ugawaji. Ukiita majina 84 mojamoja, nusu ya muda imekwenda. Tafuteni ndoo 4 za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, kila safu ya madawati ndoo yake yenye vitabu 10, na kiranja wa safu avipange mezani wenzake wakiwa bado wananawa. Ndoo inazuia vumbi na mchwa pia. Boksi la karatasi likikaa sakafuni huliwa.

Kuchagua kitabu: mtoto asome ukurasa mmoja akikunja kidole kwa kila neno linalomshinda. Vikifika vitano, achukue chepesi zaidi. Wanaozungumza Kigogo nyumbani wanaweza kufika vitano mapema, basi waanze na vitabu vya picha bila kuchekwa. Baada ya kusoma, kila mmoja aandike kwenye daftari tarehe, jina la kitabu na ukurasa alipoishia. Inatosha. Mkiweka maswali kila siku, watawinda majibu na hadithi itawapita.

Na hili tunalisema kwa uzito: mchelewaji asiongezewe mizunguko, wala mpiga kelele asipewe kurasa za kusoma kama adhabu. Mtoto huchukia haraka kile anachoadhibiwa nacho, na mpango mzima unafia hapo.

SWALI: Eneo letu halitoshi uwanja wa mita 400. Tufanyeje ili wakimbiaji wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wapimwe sawasawa? *Mwalimu wa michezo, Bahi*

JIBU: Choreni mzunguko wa mita 200. Kwa njia nne zenye upana wa mita 1, eneo la mita 90 kwa 40 linatosha. Pimeni mstatili wa mita 50 kwa 31.44, mkihakikisha kona kwa kamba ya pembetatu ya mita 3, 4 na 5. Katikati ya kila upande mfupi pigeni kigingi, fungeni kamba ya mita 15.72, kisha zungusheni nusu duara kuelekea nje. Huo ni mstari wa ndani. Umbali hupimwa sentimita 20 nje yake, na hapo ndipo mita 200 hutimia.

Kwa mbio za mzunguko mmoja, njia ya pili ianzie mita 6.28 mbele ya ya kwanza, ya tatu 12.57, ya nne 18.85. Kamba ya nailoni huvutika na kuharibu vipimo. Tumieni katani au waya. Majivu makavu hayakai na upepo wa kiangazi wa Dodoma, kwa hiyo chimbeni mfuo wa sentimita 3 kwa jembe, mmimine majivu yaliyokorogwa na maji. Chokaa isiyozimwa ni hatari, inaunguza macho na ngozi. Na kabla ya kila zoezi fagieni mbigili, maana wengi wanakimbia peku.

SWALI: Mwanangu wa darasa la sita ni mkimbiaji mzuri lakini hapendi kusoma. Mwalimu anasema asiposoma atatolewa kwenye timu. Ni sawa? *Mzazi, Kongwa*

JIBU: Hapana. Ukimnyang'anya mbio, umeondoa kinachomleta shuleni kwa furaha, na kusoma kwenyewe hakujaongezeka. Zungumza na mwalimu, mkubaliane kumpa habari za riadha: Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, au Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo 2025. Nusu ukurasa kwenye karatasi ya manila, ibandikwe mahali timu inapokutania, isomwe kabla ya kunyoosha viungo.

Mazoezi yawe siku tatu kwa wiki, dakika 45, kuanzia saa 10 jioni. Kama hajala chochote tangu uji wa asubuhi, asikimbie jioni hiyo. Nyumbani asome kabla giza halijaingia, akusimulie alichosoma. Ukiona anasogeza kitabu karibu na uso au anaruka mistari, mpeleke akapimwe macho kabla hujamwita mvivu.