Taa ya chooni inanizimikia nikiwa nimekaa, ya nje inawaka bila mtu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimefunga vihisi mwendo vitatu vya waya: koridoni, chooni na nje ya mlango. Vyote vinawasha balbu janja za Wi-Fi ninazoziendesha kwa simu. Chooni taa huzimika nikiwa nimekaa, inabidi nipunge mikono gizani kama naita gari. Ya nje huwaka na kuzimika usiku kucha na hakuna mtu. Halafu kila nikifungua programu, naambiwa balbu hazipatikani. Je, nimeuziwa vitu vibovu?

JIBU: Nzuri, ndugu. Vifaa vyako huenda ni vizima kabisa, ila umeviunganisha viwili visivyopatana.

Nianze na balbu. Balbu janja ina redio ndani, na redio hiyo inataka umeme muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Kihisi cha waya nacho kazi yake ni kukata umeme. Kikikata, balbu inatoweka kwenye mtandao. Kikirudisha, inaanza upya kuitafuta Wi-Fi. Tena kuna balbu ambazo zikiwashwa na kuzimwa haraka haraka mara kadhaa hujifuta na kurudi zilivyotoka kiwandani, zikaanza kumetameta zikisubiri kusajiliwa. Chagua njia moja. Ama kihisi cha waya na balbu ya kawaida ya LED, ama balbu janja iliyoachiwa umeme daima, ikipokea amri kutoka kihisi cha betri kisichogusa waya wowote. Mimi koridoni na nje ningeweka balbu za kawaida. Sioni haja ya kubadilishia rangi taa ya mlangoni.

Sasa choo. Kihisi cha aina hii hakimwoni mtu. Kile kikombe cheupe cha plastiki ni lenzi inayoligawa eneo katika vipande vipande, na kifaa kinasubiri joto livuke kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ukitulia, kwake haupo. Angalia pembeni au chini ya kifuniko: kuna vitufe vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi, kimoja kimeandikwa TIME. Mara nyingi huwa kimeachwa kwenye sekunde chache. Kipeleke kwenye dakika tano au zaidi na huenda shida ikaishia hapo. Isipoisha, tafuta kihisi cha rada, kile kinachotambua hata kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi. Tahadhari yake ni kwamba mawimbi hayo hupenya kuta nyepesi na milango ya mbao, kwa hiyo anayepita koridoni anaweza kukuwashia taa ya chooni. Punguza umbali kinaoufikia unapokifunga.

Ya nje ina washukiwa wengi: paka, tawi linalopepea, injini ya gari iliyotoka safarini, hewa ya moto ya kiyoyozi. Mshukiwa ninayemkuta mara kwa mara ni taa yenyewe. Ikiwa inamulika kihisi, kihisi kinadhani kumekucha na kuizima. Giza likirudi, inawaka tena. Simama nje uhesabu. Ikiwaka na kuzimika kwa mpigo uleule, usihangaike na paka, sogeza taa. Kama si hiyo, chukua utepe mweusi wa umeme uzibe sehemu ya lenzi inayotazama mti au barabara. Ni dawa rahisi, na hufanya kazi.

Kimo kizuri cha kufunga kihisi ni kama mita 2 hadi 2.5, na kihisi kikae mahali ambapo mtu anapita mbele yake kwa ubavu. Anayekijia moja kwa moja hukifikia karibu kabla hakijashtuka. Usiku wa joto kali umbali kinaoufikia hupungua, kwa sababu mwili na ukuta vinakaribiana joto.

Ukirudia kufunga, zima breka, kisha pima kwa testa kabla ya kugusa. Vihisi vingi vya waya vina sehemu tatu: L ya waya wa moto, N ya nyutro, na L yenye alama au mshale, inayokwenda kwenye taa. Kwenye boksi la swichi mara nyingi nyutro haipo. Usije ukaazima waya wa ardhi badala yake! Nimeshakuta hivyo zaidi ya mara moja. Taa inawaka vizuri tu, huku mabati ya vifaa yakisubiri kumpiga mtu shoti. Vuta nyutro kutoka kwenye taa.

Baada ya kurudisha umeme, kipe dakika moja kitulie. Weka LUX, kile kitufe kinachoamua giza liwe kiasi gani ndipo taa iwake, kwenye alama ya jua na TIME chini kabisa, upite mchana ukiangalia kinapokushika na kinapokupoteza. Ukiridhika ndipo uzungushe LUX kuelekea mwezi, na TIME unavyotaka.