Tuliitazama kutoka nyuma ya shuka

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama mtoto aruhusiwe kutazama filamu za kutisha, na kama ni ndiyo, kuanzia umri gani. Nimelisoma swali hilo mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, maana sisi tuliokuwa watoto miaka ya sabini hakuna aliyetuuliza umri wetu mpaka tulipokuwa tumeshaona tulichokiona. Mara ya pili likanichoma, na kwa nini limenichoma nitafika huko, mkinivumilia.

Nilikuwa na jibu fupi tayari: waacheni watazame. Sisi tuliyatazama mazimwi ya kila aina, yenye magamba, yenye manyoya, yanayolala kwenye jeneza mchana na kuamka usiku, na leo tunalea wajukuu kama watu wengine. Hata hao wapangaji wa madaraja ya umri walikuwa wanabahatisha tu. Jaws, ile ya papa, ilipotoka Marekani mwaka 1975 ilipewa daraja la PG, yaani mtoto yeyote aliweza kuingia, mzazi anashauriwa tu awe macho. Humo ndani kuna mguu wa mtu, peke yake, unazama taratibu hadi chini. Daraja la kati, la miaka 13, halikuwepo mpaka mwaka 1984, baada ya wazazi kupiga kelele kuhusu Gremlins na Indiana Jones ya pili, na aliyetoa wazo la kuliweka ni Steven Spielberg, mwenyewe mwenye papa. Watoto wa miaka ya sabini tulishakua zamani.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na ningeishia hapo kama nisingetaka kuongeza mfano mmoja.

Ilikuwa mwaka 1977, nina miaka kumi. Bwana mmoja aliyekuwa na projekta ya milimita 16 alitangaza kwamba Jumamosi usiku, kwenye uwanja wa shule, ataonyesha King Kong. Wakati huo kila mtu alikuwa anazungumzia King Kong mpya, ya rangi, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1976, ambayo sokwe anapanda minara ya World Trade Center. Sisi tukajua ndiyo hiyo. Kumbe bwana yule alikuwa na ile ya mwaka 1933, nyeusi na nyeupe, sokwe anapanda Empire State Building na kupigwa risasi na ndege zenye mabawa ya ghorofa mbili. Hakudanganya. Hakuulizwa.

Alisimamisha nguzo mbili, akatundika shuka jeupe katikati, akazungusha kamba. Walio chini ya miaka 12 hawapiti. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amenishika shati tangu nyumbani kama vile mimi ni basi. Alikuwa na miaka sita. Tukarudishwa pamoja na kundi zima la watoto, na tukagundua jambo ambalo mwenye projekta hakulifikiria: shuka lina pande mbili. Mwanga unapenya. Tena nyuma yake hakuna kamba, hakuna mlinzi, na unaweza kukaa karibu utakavyo. Tulikaa kwenye nyasi karibu mno, hivi kwamba upepo ukilisukuma shuka linakuja usoni mwako pamoja na chochote kilichomo ndani yake.

Aliyewahi kutazama filamu kutoka nyuma anajua kwamba kila kitu kinageuka. Wote wanatumia mkono wa kushoto. Jina la filamu likatokea kwa herufi kubwa: GNOK GNIK. Tukabishana linavyotamkwa, tukakubaliana ni Nyoki Nyiki, na kwa miezi kadhaa jitu lile mtaani kwetu lilikuwa Nyoki. Ukimwambia mtu kwamba jina lake ni King Kong anakuona mshamba. Spika ilikuwa imewaelekea waliolipa, kwa hiyo sauti za waigizaji zilitufikia kama za watu wanaogombana kwenye chumba kilichofungwa mlango. Muziki tu ndio uliovuka sawasawa. Max Steiner aliutunga kwa bendi kubwa, na ile ngoma ya kisiwani haikujali uko upande gani wa shuka.

Filamu ile ina urefu wa kama dakika 100. Kwa projekta ndogo ilikuwa mikanda mitatu, na kila mmoja ukiisha taa inawashwa, bwana anabadilisha, nasi tunalala kifudifudi kwenye nyasi tusionekane. Mkanda wa kwanza uliisha sokwe hajatokea hata kidole. Fikiria hilo. Dakika arobaini na zaidi za meli, ukungu na watu kuulizana kuna nini nyuma ya ukuta, halafu taa, halafu giza tena. Wanaotengeneza filamu sasa hawana subira hiyo, ingawa nakiri kwamba sehemu ya subira ile ilitokana na udogo wa mkanda.

Alipotokea, mdogo wangu alininong'oneza: "Kaka, manyoya yake yanatembea." Na kweli yalikuwa yanatembea. Yalikuwa yanasimama na kulala kama kuna wadudu chini ya ngozi. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba sokwe yule mwenye kuvunja milango alikuwa sanamu ya kama sentimita 45, mifupa ya chuma, mpira, na juu yake ngozi ya sungura. Willis O'Brien na wasaidizi wake walikuwa wanaisogeza kidogo, wanapiga picha moja, wanaisogeza tena, picha 24 kwa kila sekunde moja ya filamu, na kila wanapoishika vidole vyao vinayavuruga manyoya. Mdogo wangu, mwenye miaka sita, kutoka upande usiofaa wa shuka, alikuwa anaziona alama za vidole vya watu waliofanya kazi ile miaka 44 nyuma. Hakujua anachokiona, lakini alikuwa anatazama. Neno hilo naomba mlikumbuke.

Mkanda wa tatu ndio wa mjini. Sokwe, aliyeletwa kutoka kisiwani, amekata minyororo, anapanda ukuta wa hoteli akimtafuta mwanamke aliyempenda kule, anachungulia madirishani.

Usiku ule ulipoisha tulirudi nyumbani, na mdogo wangu akakataa kulala kitandani. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Akalala sakafuni, mlangoni, usiku ule na uliofuata, na hivyo hivyo kwa miezi. Mama akanibebesha lawama zote, kwa haki. Alipoulizwa anaogopa nini, alisema anaogopa kuwa mwanamke asiye yeye. Hakuna aliyemwelewa. Akaeleza: sokwe aliingiza mkono dirishani, akamtoa mwanamke aliyekuwa amelala, akamgeuza kichwa chini, akamtazama, akaona siye anayemtafuta, akamwachia. Mwanamke akaenda chini mpaka barabarani.

Mimi nikasema hakuna kitu kama hicho kwenye filamu. Nilikuwepo, nimeona yote, ameota. Nikaendelea kusema hivyo kwa miaka. Tumebishana kwenye harusi, tumebishana kwenye misiba, na watoto wetu wamekua wakijua kwamba shangazi yao ana mwanamke wake wa dirishani ambaye hayupo. Yeye hakuwahi kuirudia filamu ile. Mimi sikuwahi kuona haja.

Halafu, miaka michache iliyopita, nikasoma kwamba King Kong ilipotolewa tena mwaka 1938 wakaguzi wa Marekani waliagiza baadhi ya vipande vikatwe: sokwe akiwatafuna watu, akimkanyaga mtu matopeni, na akimwachia mwanamke kutoka juu ya hoteli. Nakala zilizokatwa zilizunguka kwa miongo mitatu. Vipande vile vilipopatikana vikarudishwa, na miaka ya sabini nakala za aina zote mbili zilikuwepo. Nikaitafuta nzima, nikakaa nayo sebuleni. Yupo. Anamtoa, anamning'iniza, anamtazama, anamwachia, hivyo hivyo kama ilivyosimuliwa na mtoto wa miaka sita.

Mtu akibanwa hujitetea. Nikajiambia labda nakala ya bwana wetu ilikuwa iliyokatwa. Sasa mdogo wangu angeyajuaje? Kama haikukatwa, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa palepale, bega kwa bega naye. Nikalikumbuka jambo ambalo nadhani nilikuwa nalijua siku zote. Nakumbuka mwanga wa projekta kupitia kope zangu, wekundu unaochezacheza. Nakumbuka nyasi mkononi, nimezikamata. Na nakumbuka nikimuuliza, kwa sauti ya kaka mkubwa anayepima kama mdogo wake anaelewa hadithi: "Ameshaondoka?" Naye anajibu, "Bado." Nangoja. "Ameshaondoka?" "Bado."

Basi hoja yangu ya "sisi tulitazama na hatukufa" mnaona ilipofikia. Sisi nani? Kuna mmoja aliyetazama, na huyo alilala sakafuni. Aliyefumba macho ndiye aliyekuja kuwaandikia kwamba hapakuwa na madhara. Na nina wasiwasi kwamba si peke yangu; wengi wa rika langu wanaojigamba kwamba waliiona The Exorcist, ile ya pepo ya mwaka 1973, wakiwa darasa la tano, ukiwabana wanakumbuka kiti cha mbele yao vizuri kuliko skrini.

Nirudi kwenye swali lenu. Nilikusudia kuandika "waacheni", sasa sina uhakika nalo. Nikiandika "wazuieni", inabidi niifute Jumamosi ile, na siwezi. Sijawahi kukaa karibu hivyo na kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu. Hata mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye haki ya kulalamika, alilia zaidi sokwe alipoanguka kuliko mwanamke alipoanguka, na akamuuliza mama ni nani atakayemzika. Umri nao haunisaidii. Wa kumi alifumba macho, wa sita akafumbua. Mtaandika nambari gani pale kwenye kamba? Andikeni tisa. Nasema tisa kwa sababu lazima nambari iandikwe, na kwa sharti kwamba mtoto asiwe peke yake na simu na vifaa vya masikioni gizani, maana huyo hana wa kumuuliza kama ameshaondoka. Filamu za kusisimua zisizo na zimwi, za mtu mwenye kisu na pazia la bafuni, hizo ningeziweka juu zaidi, labda kumi na tano. Kwamba damu ya kwenye Psycho, ile maarufu ya mwaka 1960, ni sharubati ya chokoleti ni habari ya kumfariji mtu mzima. Mtoto haoni chokoleti. Ila sokwe, tisa. Au nane kama ana mdogo wa kushika shati lake. Mjue tu kwamba anayewapa ushauri huu hakustahili hata kumi.

Kabla ya kutuma barua hii nilimpigia simu mdogo wangu nikamsomea yote, kwa kuwa nusu ya habari ni yake. Alisikiliza kimya, kisha akasema nirekebishe: alikuwa na miaka saba, si sita, na aliyeanza kusoma Nyoki ni yeye. Nikamwambia mengine je? Akasema mengine ni sawa, isipokuwa mara mbili au tatu alinijibu "bado" huku sokwe ameshaondoka zamani.