Usonji au kutotulia? Kwa mama wa mtoto wa miaka 5

Dada yangu, pole sana. Umesema daktari wa Kampala aliandika kuwa mwanao ana usonji (autism), wa Mbarara akaandika tatizo la umakini na kutotulia (ADHD), na hujui umwamini nani. Huenda wote wameona kweli. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM, ulikuwa unakataza mtoto mmoja kupewa majina hayo mawili. Toleo la 2013 liliondoa katazo hilo, kwa kuwa watoto wengi wanayo yote mawili.

Ila niambie, masikio yake yamepimwa? Mtoto wangu aliandikiwa usonji kwenye kliniki moja kwa dakika kumi, bila yeyote kumpima masikio. Baadaye hospitali ya Mulago, idara ya masikio, pua na koo, wakakuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Usonji anao kweli, lakini mengi tuliyoyaita ukaidi yalikuwa kutosikia. Nililia siku ile, kwa viboko nilivyompiga.

Mrekodi kwa simu akicheza, akila, akikasirika, na umwombe mwalimu aandike anayoyaona darasani. Peleka hayo yote pamoja na ripoti zote mbili kwa daktari mmoja. Mazoezi ya kuongea anza sasa, usisubiri madaktari wakubaliane tatizo linaitwaje.

Wakikuambia uache Kiswahili au Kinyankole nyumbani, usikubali. Lugha mbili hazileti usonji, na mtoto anahitaji kuongea na bibi yake.

Je, huwa anaduwaa ghafla sekunde chache, ukimwita asikusikie? Kama ndiyo, mwambie daktari achunguze kifafa pia.