Majibu ya wanachama yapangweje: niliyoyaona kwa wapanda zabibu wa Dodoma

Mkuu, umeuliza mambo matatu kuhusu programu mnayowatengenezea wafuga njiwa wa hapa Dodoma: majibu yapangwe kwa mstari mmoja au kwa matawi (jibu chini ya jibu), kitufe cha kulaiki kiwepo au kisiwepo, na mtu akifuta swali lake majibu ya wenzake yaende wapi. Mimi nasaidia kusimamia kikundi cha tunaopanda zabibu uani. Wengi tuko Kisasa, Nzuguni, Ilazo na Mkonze, wachache wako Hombolo na Mpunguzi. Tulianzia kwenye grupu la WhatsApp, baadaye kijana aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akatutengenezea tovuti ndogo. Nitakujibu kwa niliyoyaona huko.

Kabla ya mstari na matawi, hakikisha kwanza kila jibu limeshikana na swali lake. Hili nalisisitiza kwa sababu limewahi kumgharimu mtu mavuno. Ilikuwa katikati ya mvua, enzi za grupu. Mwanachama mmoja aliweka picha ya jani, akauliza huu ukungu mweupe aupigie dawa gani. Kabla hajajibiwa, mama mmoja naye akaweka picha yake na swali lilelile. Ukizitazama picha kwa makini ni magonjwa mawili. La kwanza lilikuwa ubwiri unga: unga mweupe juu ya jani na kwenye punje, ukipitisha kidole unatoka. La pili ubwiri vinyoya: juu ya jani kuna madoa ya manjano yanayong'aa kama mafuta, na manyoya meupe yako upande wa chini. Mzee wetu mmoja mwenye uzoefu mkubwa akaandika, "Piga salfa, jua likishapoa." Jibu sahihi kabisa, kwa swali la kwanza. Salfa ni ya ubwiri unga, ubwiri vinyoya unataka dawa ya shaba. Yule mama aliona jibu liko chini ya picha yake, akanunua salfa, akapiga. Mvua haikukata, ugonjwa ukapanda hadi kwenye vichala vichanga vikakauka. Mzee hakukosea wala mama hakuwa mzembe. Jibu lilikuwa linaelea tu.

Kwa hiyo kitufe cha kujibu kikae chini ya kila swali, na jibu likitoka lioneshe kipande cha maneno na picha ndogo ya kile kinachojibiwa. Hata mtu akilipiga picha akalisambaza kwingine, swali linakwenda nalo.

Sasa matawi. Weka ngazi moja tu. Reddit, mtandao wa mijadala ulioanza 2005, ina matawi ndani ya matawi, na kwenye kompyuta yanasomeka vizuri. Lakini wanachama wako watasomea kwenye simu za kawaida, na jibu la ngazi ya tano linasukumwa kulia hadi linabaki na maneno mawili kila mstari. Stack Overflow ya mwaka 2008, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu za kompyuta, ilichagua njia nyingine: swali juu, majibu chini yake, maelezo mafupi chini ya kila jibu, na aliyeuliza anaweka alama kwenye jibu lililomsaidia. Hiyo ndiyo tuliyoifuata, ila kwa zabibu alama hiyo haitoshi. Mtu wa kompyuta anajaribu jibu na kuona matokeo hapohapo. Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi halafu Agosti na Septemba. Ukinishauri namna ya kupogoa leo, ubora wa ushauri wako nitauona baada ya miezi.

Ndiyo maana tuliweka kitu kinachoitwa "Ilikuwaje?" Baada ya muda unaolingana na aina ya swali, aliyeuliza anapata arifa moja ya kumuomba arudi aseme kilichotokea, aweke na picha. Kile anachoandika kinakaa juu kabisa, chini ya swali, kabla ya majibu yote. Mkuu, kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, weka hiki. Mgeni anayefika mwaka kesho hataki kusoma malumbano, anataka kujua mti ulipona au ulikufa. Kwa njiwa muda unaujua wewe kuliko mimi: mayai huanguliwa kwa siku kama 18, kwa hiyo swali la njiwa anayeacha kuatamia lisisubiri miezi, na swali la ndui au kideri lifuatiliwe ndani ya siku chache.

Kuhusu kulaiki, nina msimamo. Watu wetu wanalaiki kumshukuru mtu. Anayejibu haraka, mwenye maneno mazuri, anayejulikana mtaani, atapata laiki nyingi hata kama kipimo chake cha dawa si sahihi. Nia ni njema, ila programu ikipanga majibu kwa laiki inageuza heshima kuwa uthibitisho. Tenganisha mambo haya. Kiwepo kitufe cha "Asante", ambacho idadi yake anaiona aliyeshukuriwa peke yake, halafu viwepo "Nimejaribu, imefaa" na "Nimejaribu, haikufaa". Hivi viwili ndivyo viamue jibu lipi lipande juu.

Utashauriwa pia uzifute salamu kwa sababu zinajaza nafasi. Usizifute. Mtu wa kwetu havamii mkutano kwa swali, ataanza na mbukwenyi au shikamoo, na asipoitikiwa haulizi tena. Fungua ukumbi wa salamu, pole na misiba, na ndani ya swali lenyewe salamu ibaki. Kwenye orodha tu ndiyo kionekane kichwa cha swali bila salamu.

Wazee watatuma sauti, na waachwe watume, maarifa mengi yako kwao. Tatizo ni kwamba sauti haitafutiki, na inakula bando. Isijifungue mpaka ibonyezwe, ukubwa wake uandikwe pembeni, na mwanachama yeyote aweze kuandika muhtasari wa mistari miwili chini yake, mwenye sauti akiukubali.

Kufuta. Jina, picha na namba ya simu ya mtu viondoke akitaka, bila maswali. Ni vyake, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ila majibu ya wenzake yabaki, juu yake paandikwe kwamba swali limeondolewa na mwenyewe, na kichwa cha swali kibaki kama hakimtambulishi. Mwambie hivyo siku anajiunga, si siku anafuta. Kuhariri nako kuna hatari yake: mtu akibadili kipimo cha dawa kwa pampu moja baada ya wengine kukinakili, lazima ionekane. Sisi tunaacha toleo la kwanza lisomeke, na kila aliyekuwa amebonyeza "Nimejaribu" anapata arifa.

Arifa nyingine zote zizimwe mpaka mtu aziwashe mwenyewe, isipokuwa ile ya "umejibiwa".

Na kabla hujamlipa fundi kumalizia, chukua michoro ya karatasi, nenda nayo kwa wafugaji wawili watatu bandani kwao, uwaombe waoneshe kwa kidole wangebonyeza wapi kumjibu mwenzao. Usiwaelekeze. Wakibonyeza picha badala ya kitufe, basi picha ndiyo ifungue sehemu ya kujibu.